Daktari Hapimwi kwa Mgonjwa Mmoja

Seremala hupimwa kwa kiti alichokitengeneza. Watu hukikalia, na kikivunjika hujulikana kwamba fundi huyo kazi bado haijui. Atarudi kwa mwalimu wake, na aliyeanguka atajifuta vumbi na kwenda zake. Daktari hana bahati hiyo, wala mgonjwa wake hana. Kazi ya daktari ikivunjika, aliyeikalia huenda asiinuke tena. Kwa hiyo jamii yoyote yenye akili humpima daktari kabla hajakabidhiwa wagonjwa, na swali la namna ya kumpima halipaswi kuachiwa madaktari peke yao. Linatuhusu sisi tutakaolala vitandani.

Nalisema hili nikiwa mwalimu. Zaidi ya miaka thelathini nilitunga mitihani, nikaisimamia na kuisahihisha, kwanza shuleni nikiwa mwalimu na baadaye mkuu wa shule, kisha katika chuo cha ualimu. Sijapata kumtibu mtu hata jipu. Lakini mtihani ni mtihani, uwe wa hesabu, wa ualimu au wa udaktari, na maradhi yake ninayafahamu. Ugonjwa mmoja unaozisumbua shule za udaktari ulimwenguni, na zetu zikiwamo, ni huu: zinapima kama mwanafunzi anajua jibu, au kama ametimiza utaratibu, lakini hazipimi vya kutosha kama anaweza kufikiri mbele ya mgonjwa ambaye jibu lake halijulikani.

Hebu tuangalie gharama ya kasoro hiyo. Mwaka 2004 jarida la British Medical Journal lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa katika hali mbaya, ambao walikuwa wakitibiwa malaria. Damu yao ilipopimwa kwa uangalifu, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062, yaani 46 katika kila 100. Zaidi ya nusu hawakukutwa na kijidudu hata kimoja. Katika hao wasio na vijidudu, theluthi mbili hawakupewa dawa yoyote ya kuua bakteria. Sasa msomaji asikilize vizuri: wenye malaria walikufa 7 katika kila 100, wale wasio na vijidudu, waliokuwa wakitibiwa malaria, walikufa 12 katika kila 100.

Najua maabara nyingi za wakati ule zilikuwa duni na foleni zilikuwa ndefu. Simlaumu tabibu aliyekesha peke yake na wagonjwa hamsini. Hata hivyo, waliokuwa wakiandika vyeti vile walikuwa wamesoma. Waliijua nimonia, waliujua ugonjwa wa uti wa mgongo, na walikwisha kujibu maswali juu ya magonjwa hayo na kupata alama. Maarifa yalikuwamo kichwani. Kilichokosekana ni ile tabia ya kusimama kidogo baada ya jibu la kwanza na kujiuliza: je, kuna nini kingine?

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepita, maana siku hizi tuna kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu na dakika chache tu. Nakubali kwamba kipimo hicho kimeokoa wengi. Lakini kipimo kikisema kwamba hii si malaria, hakisemi ni nini. Hapo ndipo kufikiri kunapoanza. Zamani daktari aliweza kujificha nyuma ya neno malaria. Leo kipimo kimemwondolea maficho hayo, na kazi ya kutatua fumbo imekuwa kubwa kuliko awali.

Dada yangu mkubwa alitibiwa malaria mara tatu ndani ya mwaka mmoja katika zahanati na hospitali ambazo sina haja ya kuzitaja. Alikuwa anachoka, anakonda, anasikia mwili kuwaka. Mara ya nne alipokewa na kijana ambaye, baada ya shikamoo yake, hakukimbilia kalamu. Alimwuliza, “Bibi, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?” Dada akajibu kwamba hazihesabiki. Kijana akaagiza apimwe sukari, na ikaonekana. Swali lile halikuhitaji mashine wala fedha za wafadhili. Lilihitaji mtu aliyezoezwa kutoridhika upesi, na mtu haridhiki upesi ikiwa kwa miaka mitano alipewa alama kwa kuridhika upesi.

Basi ustadi huu wa kutatua tatizo la mgonjwa ni kitu gani? Mwaka 1978 kilitoka Marekani kitabu cha Arthur Elstein, Lee Shulman na Sarah Sprafka juu ya jambo hilihili. Shulman hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa elimu, mwenzetu, na baadaye alipata sifa kubwa kwa kuchunguza maarifa ambayo mwalimu anahitaji ili afundishe. Wao walikaa na kutazama madaktari wakiwahoji watu walioigiza ugonjwa, wakawauliza walikuwa wakiwaza nini. Waligundua mambo mawili ambayo kila mtahini angepaswa kuyaandika ukutani.

La kwanza, daktari hakusanyi habari zote kwanza halafu ndipo afikiri, kama vitabu vilivyokuwa vikishauri. Katika dakika za mwanzo tayari ana dhana chache kichwani, na maswali anayouliza baadaye ni ya kuzipima dhana hizo. La pili, na ndilo zito zaidi, daktari aliyetatua vizuri tatizo la mgonjwa mmoja hakuwa na uhakika wa kutatua vizuri la mwingine. Hakuna akili moja ya jumla ya kutatua matatizo ambayo mtu anayo au hana. Ustadi umefungamana na maarifa ya jambo lenyewe. Bingwa wa moyo anaweza kubabaika mbele ya mtoto mwenye degedege.

Sisi wa vyuo vya ualimu jambo hili halikutushangaza. Katika mazoezi ya kufundisha tulimwona mwanachuo aliyefundisha sehemu za hesabu Darasa la Nne siku ya Jumanne hata watoto wakasahau kengele. Alhamisi mwanachuo huyohuyo alifundisha historia, akasoma kitabu kwa sauti dakika arobaini huku darasa likisinzia. Mkaguzi aliyekuja Jumanne angemwandikia sifa. Aliyekuja Alhamisi angemshauri akatafute kazi nyingine. Wote wawili wangekuwa wakweli na wote wawili wangekuwa wamekosea, kwa kuwa walipima kipindi wakadhani wamempima mwalimu. Ndiyo maana tulisisitiza kwamba mwanachuo atembelewe mara nyingi, katika masomo mbalimbali, na wakufunzi tofauti.

Kwa macho hayo, tuipitie mitihani ya udaktari.

Wa kwanza ni ule mtihani mkongwe: mwanafunzi hupewa mgonjwa mmoja, hukaa naye muda mrefu, kisha huja profesa na kumhoji pembeni mwa kitanda. Mtihani huu una heshima yake, kwani mgonjwa ni wa kweli na mazungumzo ni ya kweli. Lakini ni bahati nasibu. Mmoja hupewa mzee mwenye ugonjwa ulio wazi na anayejua kujieleza. Mwingine hupewa mtu asiyependa kusema, mwenye ugonjwa uliowashinda hata wakubwa. Tena kuna profesa aliyelala vizuri na profesa aliyegombana nyumbani. Huko Marekani, bodi ya taifa ya mitihani ya udaktari iliuacha mtihani wa kitandani katika miaka ya 1960 baada ya kuona kwamba watahini hawakubaliani. Sisi bado tuna wazee wanaoutetea kwa kusema, “Mimi nikimtazama mwanafunzi dakika tano najua kama ni daktari.” Nilikuwa na wakaguzi wa namna hiyo. Walichojua ni kama mwanafunzi anafanana nao.

Wamarekani walipouacha huo wakaleta wa pili, wa karatasi. Mwanafunzi alielezwa habari za mgonjwa, akapewa orodha ndefu ya mambo ya kufanya, na kila alipochagua jambo alifunua jibu lililofichwa kwenye karatasi. Wazo lilikuwa zuri, ila alama zilimwendea zaidi aliyechagua mengi. Mwanafunzi mwenye pupa, aliyeuliza kila kitu na kuagiza kila kipimo, alionekana makini kuliko daktari mzoefu aliyekwenda moja kwa moja kwenye jambo la muhimu. Tena alama za tatizo moja hazikubashiri alama za tatizo lingine, kama Elstein na wenzake walivyokwisha kuonya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtihani huo nao ukawekwa kando.

Wa tatu ni maswali ya kuchagua. Haya ni rahisi kusahihisha, hayana upendeleo, na yanagusa mada nyingi kwa saa moja. Kwa kupima maarifa sina ugomvi nayo. Lakini mgonjwa haji akiwa na herufi A, B, C, D na E zimeandikwa kifuani. Kulitambua jibu ukiwekewa mezani ni kazi moja; kulifikiria mwenyewe wakati hakuna aliyekuwekea ni kazi nyingine kabisa.

Wa nne ni mtihani wa vituo, ulioasisiwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Scotland, na kutangazwa mwaka 1975. Wanafunzi huzunguka kituo hadi kituo kwa kufuata kengele. Hapa anamhoji mama, pale anasikiliza kifua, kule anasoma picha ya mifupa. Wote hupita vituo vilevile. Huu ulikuwa uvumbuzi mkubwa, na ninausifu kwa moyo mweupe, maana uliondoa bahati nasibu ya mgonjwa mmoja. Umeenea dunia nzima, na hapa kwetu umeingia.

Lakini tazama kilichoingia pamoja nao. Mtahini amekaa na karatasi yenye orodha, na kazi yake ni kupiga tiki. Amejitambulisha? Tiki. Amenawa mikono? Tiki. Ameuliza homa ilianza lini? Tiki. Mwanafunzi naye si mjinga, huikariri orodha. Hujifunza kuuliza maswali ishirini kwa kasi ya cherehani, na haangalii kama jibu la swali la tatu lilitakiwa kubadili swali la nne. Mwaka 1999 Brian Hodges na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ambayo yangepaswa kumnyima usingizi kila mtahini. Waliwapitisha katika vituo wanafunzi wa udaktari, madaktari waliokuwa katika mafunzo ya juu, na madaktari wenye uzoefu. Kwa hesabu ya tiki, madaktari wenye uzoefu ndio walioshika mkia. Ajabu gani hii? Mizani inayosema kilo kumi ni nyepesi kuliko kilo mbili huitupi? Waliobobea hawaulizi kila kitu. Huuliza kinachotenganisha ugonjwa huu na ule, na kwa orodha ya tiki busara hiyo haina alama.

Nahofia kwamba orodha hiyo itatushinda nguvu. Mwaka 1963, shule ya udaktari ilipoanzishwa Dar es Salaam, mwalimu aliweza kumjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa tabia. Leo kuna vyuo Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko, na wanafunzi ni wengi. Wingi huo ni neema, maana nchi inawahitaji. Lakini mwalimu aliyezidiwa hukimbilia kilicho rahisi kuhesabu, na kilicho rahisi kuhesabu ndicho wanafunzi watakachojifunza. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikwisha kulalamika kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa yanapotakiwa, na haifaulu kila mara kupima uwezo wa kufikiri. Malalamiko hayo yalihusu shule. Nayapeleka hospitali bila kupunguza neno.

Nisije nikaambiwa kwamba mzee huyu anajua kubomoa tu, natoa mapendekezo yangu.

Kwanza, wagonjwa wawe wengi na wafupi. Badala ya mgonjwa mmoja kwa saa nzima, mtahiniwa apitie kumi au zaidi, wa aina mbalimbali. Wachukuliwe katika wodi zetu wenyewe: mtoto anayeharisha, mjamzito anayelalamika kichwa, kijana mwenye kikohozi cha mwezi mzima, mzee anayepungua uzito, mama mwenye homa isiyo malaria.

Pili, habari zitolewe kidogokidogo kama zinavyokuja katika maisha, na mtahiniwa asimamishwe katikati aulizwe maswali manne: Unawaza nini sasa? Kwa nini? Kuna nini kingine? Ukiona nini utabadili mawazo? Anayekariri atakwama kwenye swali la nne. Nimewauliza walimu wanafunzi swali la namna hiyo kwa miaka mingi, na sijaona mtu aliyeweza kulijibu kwa kukariri.

Tatu, alama zitolewe kwa hatua za uamuzi. Kanada waliutambua ukweli huu kupitia kazi ya Georges Bordage na Gordon Page: katika kila tatizo kuna hatua chache ambazo mtu akikosea amepotea, na nyingine nyingi ambazo hazina uzito huo. Baraza la mitihani la nchi hiyo likaanza kuuliza hatua hizo tu. Hilo haliongezi gharama; linapunguza.

Nne, watungaji wachanganye matatizo. Katika baadhi jibu la kwanza liwe la kweli, na katika mengine liwe mtego. Tukitega kila mahali, wanafunzi watajua ndani ya mwaka mmoja kwamba malaria katika mtihani haiwi malaria kamwe, nao watajibu hivyo bila kufikiri. Wanafunzi hujifunza somo, lakini kwanza humjifunza mtahini.

Tano, kila mtahiniwa aonwe na watahini tofauti, waliokubaliana mapema juu ya jibu zuri, la wastani na baya. Wapewe nafasi ya kutoa hukumu ya jumla, wala si tiki peke yake. Katika uchunguzi ule wa Toronto, hukumu za jumla za watahini hazikuwashusha wazoefu kama tiki zilivyowashusha.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba hatuna fedha, na utatolewa mfano wa Marekani. Huko waliweka mwaka 2004 mtihani wa kitaifa wa kukutana na wagonjwa wa kuigiza, ambao kila mtahiniwa aliulipia zaidi ya dola elfu moja na kusafiri hadi mji wenye kituo. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, na Januari 2021 ukafutwa kabisa. Mfano huo unanisaidia mimi. Ninachoomba hakihitaji waigizaji wa kulipwa wala majengo. Kinahitaji mafaili ya wagonjwa yaliyofichwa majina, meza, viti viwili, na mtahini aliyejiandaa.

Nitaambiwa pia kwamba kufikiri huja na uzoefu, hivyo tuwaache vijana wakomae kazini. Huyo anayekomaa, anakomaa juu ya mgongo wa nani? Tena uzoefu usiohojiwa haukomazi. Kuna mtu mwenye uzoefu wa miaka thelathini, na kuna mtu mwenye uzoefu wa mwaka mmoja alioukariri mara thelathini.

Na nitaambiwa kwamba tukiwafundisha vijana kuuliza kuna nini kingine, wataagiza kila kipimo na kuwafilisi wagonjwa. La hasha. Anayeagiza kila kipimo ni yule asiyejua anatafuta nini. Kijana wa dada yangu aliuliza swali moja na kuagiza kipimo kimoja.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vya udaktari wachukue mtihani wao wa mwisho wa mwaka jana, wahesabu ni alama ngapi zilipatikana kwa kueleza sababu, na ngapi kwa kutaja au kutimiza tu. Hesabu hiyo itachukua alasiri moja. Wakikuta kwamba mwanafunzi anaweza kufaulu bila kuulizwa hata mara moja kwa nini anawaza anachowaza, basi wajue wanachokipeleka wilayani. Nasi wananchi, tunaolipa kodi na kusomesha watoto katika vyuo hivyo, tuna haki ya kuuliza hesabu hiyo imetoka ngapi.